Usiitafute Kilwa mjini Shiraz: safari ya mambo ya kale kutoka Takht-e Jamshid hadi bandari ya Siraf

Msafiri wa pwani yetu anayekwenda Shiraz kuwatafuta Washirazi anakosea mji na anakosea karne. Shiraz anayoonyeshwa, yaani ngome ya Karim Khan, soko la Vakil na msikiti wa vioo vya rangi, ni ya karne ya 18 na ya 19. Takht-e Jamshid, makao ya wafalme wa kale wa Uajemi ambayo ulimwengu huyaita Persepolis, iliteketezwa na Aleksanda mwaka 330 KK, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wakati wa Ali bin Hasan, yule ambaye masimulizi ya Kilwa humtaja kuwa mwanzilishi wake aliyetoka Shiraz. Kinachoziba pengo hilo kipo mbali kusini, ufukweni mwa Ghuba ya Uajemi, kwenye bandari ya Siraf ambako mabasi ya watalii hayafiki. Mkoa wa Fars unastahili kuzuriwa kwa ajili yake wenyewe, ila uanze ukijua unatazama enzi gani, halafu uiteremke njia ya misafara mpaka baharini.

Usalama kwanza. Juni 2025 vita na Israel vilifunga anga la Iran, na wageni waliokuwamo wakatoka kwa barabara kupitia Armenia na Uturuki. Bima nyingi za safari hufutika pindi serikali yako inapotoa onyo la kutokwenda, kwa hiyo soma onyo la wizara ya mambo ya nje, kisha soma masharti ya bima yenyewe mpaka mwisho. Onyo likiwapo, ahirisha. Tovuti ya wakala wa utalii si mahali pa kuulizia jambo hili.

Kuhusu visa, Desemba 2023 Iran ilitangaza kuwaondolea visa raia wa nchi 33, Tanzania ikiwamo, Kenya haikuwamo. Masharti ya misamaha ya namna hii hubadilika, kwa hiyo Mtanzania naye aulize ubalozi wa Iran ulioko Dar es Salaam, na Mkenya ule wa Nairobi. Chukua jibu lao kwa maandishi, ulichapishe, ulibebe mkononi, maana anayewazuia watu mara nyingi ni mfanyakazi wa shirika la ndege kwenye kaunta ya kuondokea ambaye hajasikia habari ya msamaha. Ndugu zetu walioko Ughaibuni wana mambo mawili ya ziada. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada haruhusiwi kuzunguka peke yake. Ni lazima awe na kiongozi mwenye leseni na ratiba iliyoidhinishwa. Na mwenye pasipoti ya nchi za Ulaya zinazoingia Marekani bila visa atapoteza nafasi hiyo kwa kuwa amefika Iran tangu Machi 2011. Safari ijayo ya Marekani itambidi apange foleni ubalozini. Muhuri wa Israel kwenye pasipoti unatosha kukurudisha.

Pesa ndizo zinazowaangusha wengi. Kadi za Visa na Mastercard hazifanyi kazi popote nchini, hata kwenye hoteli kubwa, kwa sababu ya vikwazo. Beba gharama yote ya safari kwa noti za euro au dola, mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi, na ziada ya kutosha kukutoa nchini kwa dharura. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu cha teksi. Kingine kabadilishe kwenye maduka ya sarafu mjini. Kisha ujue kwamba risiti huandikwa rial lakini watu husema toman, na toman moja ni rial 10. Si hivyo tu: husema pia bila maelfu. Dereva akikwambia mia tano, ana maana ya toman laki tano. Kabla ya kukubali bei yoyote, mwambie aiandike kwenye simu na aonyeshe ni rial au toman. Tiketi za magofu kwa mgeni ni ghali mara kadhaa kuliko za mwenyeji, na kuna madirisha ambayo karani hataki noti kabisa, anataka kadi ya benki ya Iran. Hapo dereva au mtu wa nyuma yako hulipa kwa kadi yake nawe ukamrudishia taslimu. Ni jambo la kila siku, wala usione haya kuomba.

Saa ninazotaja hapa ni za Kiswahili. Iran iko mbele ya Afrika Mashariki kwa nusu saa kamili, jambo linalowakosesha watu ndege kwa sababu hawakuigeuza saa, wakidhani tofauti ndogo haina neno.

Miezi mizuri ya Fars ni Aprili, Mei, Oktoba na mwanzo wa Novemba. Epuka wiki mbili za Nowruz, zinazoanza tarehe 20 au 21 Machi. Nairuzi ya Makunduchi huangukia Julai, nayo ni shughuli ya kijiji kimoja na wageni wake. Hii ya Iran huliamsha taifa zima, na Shiraz ndiko wengi wanakoelekea. Vyumba huisha, na kwenye ngazi za Takht-e Jamshid unasukumwa. Ijumaa nazo ni siku za familia kutoka. Tasua, Ashura na siku nyingine za maombolezo hufunga magofu na makumbusho, na kwa kuwa zinafuata mwezi mwandamo, zitafute kwenye kalenda kabla ya kulipia chochote. Mwanamke atavaa mtandio na vazi refu la mikono. Mwanamume suruali ndefu. Buibui la kwetu linakubalika kila mahali isipokuwa makaburi matakatifu kama Shah Cheragh, ambako watakuazima chadori mlangoni, wakupekue, na wakunyang'anye kamera kubwa huku simu wakikuachia.

Siku ya kwanza ya magofu, kodi gari zima kwa siku nzima badala ya kuchangia. Mtajie dereva vituo vyote kabla ya kupatana bei: Pasargadae, Naqsh-e Rostam, Naqsh-e Rajab, Takht-e Jamshid, pamoja na saa za kungoja. Ukimwambia Takht-e Jamshid peke yake halafu ukaongeza njiani, bei hupanda kila kituo. Ondoka Shiraz saa 12 alfajiri, nenda mbali kwanza, kisha urudi nyuma pole pole. Utafuata mfuatano wa wafalme, na Takht-e Jamshid utaifikia jua likianza kulala. Wakati wa joto kali geuza: Takht-e Jamshid saa 2 asubuhi inapofunguliwa, kwa kuwa juu ya lile jukwaa la mawe hakuna mti hata mmoja.

Pasargadae iko kilomita 130 hivi kutoka Shiraz, kwenye uwanda ulio juu zaidi ya meta 1,800, wenye upepo unaopenya koti hata Aprili. Hapa ndipo kwa Koreshi, yule yule wa Kitabu cha Ezra. Vibao vitamwita Kourosh, na Dario vitamwita Dariush. Kaburi lake ni chumba kidogo cha mawe juu ya madaraja sita, vyote kwa pamoja meta 11. Wengi hupiga picha hapo wakaondoka, na huo ndio upungufu wa ziara nyingi za Pasargadae, maana kilicho adimu kipo zaidi ya kilomita moja mbele: mifereji ya mawe yaliyochongwa, midogo, yenye vibirika kila baada ya hatua kadhaa, inayochora mistari ya bustani ya mfalme. Bustani za Kiajemi zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2011 zinaanza na hii. Karibu na hapo, kwenye mabaki ya lango, kuna sanamu ya mtu mwenye mabawa manne na taji la Kimisri. Umbali baina ya vituo ni mkubwa. Vigari vya umeme vikiwapo panda, visipokuwapo tenga saa mbili za kutembea.

Naqsh-e Rostam yataka darubini. Makaburi manne ya wafalme yamechongwa juu sana kwenye uso wa jabali, na bila darubini utaona misalaba mikubwa tu. La Dario ndilo lenye maandishi. Tazama kiti cha enzi: kimebebwa na watu 30, kila mmoja kwa vazi la taifa lake, na watu wa Kushi, nchi iliyokuwa kusini ya Misri, wamo. Chini ya makaburi, kwa usawa wa macho, kuna michoro iliyochongwa karne saba na zaidi baadaye na Wasasani, nasaba ya mwisho ya Uajemi kabla ya Uislamu. Mashuhuri ni ule wa mfalme wao Shapur wa Kwanza akiwa juu ya farasi, mbele yake kaisari wa Roma amepiga goti na mwingine, Valerian, ameshikwa mkono. Watu huchanganya tabaka hizi mbili wakadhani ni kazi ya wakati mmoja. Naqsh-e Rajab ni ufa mdogo wa mwamba njiani. Dakika 15 zinatosha.

Kati ya Naqsh-e Rostam na Takht-e Jamshid barabara inapita kando ya vilima vya udongo ambavyo dereva hatavitaja. Ni mabaki ya mji wa Istakhr. Mwulize, asimame kidogo. Hapa ndipo lilipotoka jina la al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, naye tutakutana naye tena Siraf.

Takht-e Jamshid ilianzwa na Dario karibu mwaka 518 KK, juu ya jukwaa la meta 450 kwa 300 hivi lililoegemea mlima. Unapanda kwa ngazi pacha zenye vipandio 111 upande mmoja, kila kimoja na kimo cha sentimita 10 tu. Waongozaji husema ni kwa ajili ya farasi. Mimi naona ni kwa ajili ya wazee wa heshima waliovaa kanzu ndefu, wapande bila kuinua magoti wala kuhema mbele ya mfalme. Sasa ngazi zimefunikwa kwa mbao. Usitoke kwenye mbao.

Juu kabisa ni Lango la Mataifa Yote la Ahasuero, na ndani ya kuta zake, kwenye miili ya mafahali wenye vichwa vya watu, wasafiri wa zamani wamechora majina yao. Tafuta STANLEY, NEW YORK HERALD, 1870. Ni Henry Morton Stanley, yule yule. Januari 1871 alifika Unguja kukodi wapagazi wa kumtafuta Livingstone, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kulitia kovu jiwe hili.

Usizunguke ovyo baada ya lango. Nenda moja kwa moja kwenye ngazi ya mashariki ya Apadana, ukumbi uliokuwa na nguzo 72 zenye kimo cha meta 20 hivi, nazo 13 bado zimesimama. Ngazi hii ilikuwa imefukiwa mpaka Ernst Herzfeld alipoifukua mwaka 1932, ndiyo maana nyuso zake ni kali wakati zile za ngazi ya kaskazini, zilizokaa wazi, zimelika. Simama ukiitazama. Upande wa kulia ni askari na watukufu wa dola. Wa kushoto ni wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi, kila kundi limetengwa na jirani yake kwa mti wa mvinje, na kila kiongozi wa kundi ameshikwa mkono na mkaribishaji. Anza katikati, kwa Wamedi, uende kushoto hadi mwisho, pale ukuta unapokatwa na mteremko wa vipandio. Kundi la mwisho, la 23, ni watu watatu wenye nywele za kipilipili: wa kwanza ameshika chombo chenye kifuniko, wa pili amebeba pembe ya ndovu begani, wa tatu anamvuta mnyama ambaye wataalamu hawajaafikiana kama ni twiga au okapi. Vibao huwaita Wahabeshi. Ni watu wa Kushi. Watalii wengi huchoka kabla ya kuifikia pembe hii.

Paa lililojengwa juu ya ngazi hiyo huifanya ionekane vizuri saa yoyote. Michoro mingine haina bahati hiyo. Jua la saa sita huifanya nakshi iwe bapa kabisa, wala kamera haitakusaidia. Miimo ya milango ya Ukumbi wa Nguzo Mia, yenye mfalme akipambana na dubwana, iache mpaka saa 10 jioni, mwanga unapopita ubavuni. Ukisubiri, tazama maungo ya mawe. Hakuna chokaa. Yaliunganishwa kwa vibanio vya chuma vilivyomiminiwa risasi, vyenye umbo la mkia wa mbayuwayu, na yale mashimo yaliyobomolewa kwa nguvu ni kazi ya waliokuja baadaye kuiba chuma. Ukilijua hilo utaacha kumlaumu Aleksanda kwa kila tundu.

Mwisho panda kwenye kaburi la Artashasta mlimani, dakika 10 hadi 15 za mteremko wenye changarawe. Ramani nzima ya jukwaa utaiona kutoka hapo. Usichelewe, kwani walinzi hupuliza filimbi kabla ya muda ulioandikwa getini. Nje, upande wa miti, ulizia fremu za chuma za mahema ya sherehe za Shah za Oktoba 1971; hazina uzuri, lakini Mapinduzi ya 1979 yanaeleweka zaidi ukiziona.

Mjini Shiraz nitakuwa mfupi, maana kila mwongozo unaujua. Msikiti wa Nasir-ol-Molk, uliojengwa kati ya 1876 na 1888, una rangi zake asubuhi tu, na vizuri zaidi wakati wa baridi jua likiwa chini. Mchana ni chumba cha kawaida chenye foleni. Kwenye kaburi la mshairi Hafez nenda usiku. Asiyeelezwa na wengi ni msikiti wa Atiq, nyuma ya Shah Cheragh, ulioanzishwa mwaka 894. Umejengwa upya mara nyingi, na kijumba cha mawe uani kilichohifadhi misahafu ni cha 1351, lakini mwaka wake wa kuanza unaangukia wakati Siraf ilipokuwa imeshamiri. Katika Shiraz yote, huu ndio ulio karibu zaidi na enzi ya mababu wanaodaiwa.

Sasa njia ya misafara. Bidhaa za Siraf zilipanda Shiraz kupitia Jam na Firuzabad, na gari linaweza kuifuata kinyume. Firuzabad, kilomita 110 hivi kusini ya Shiraz, ni mwanzo wa Wasasani: mwaka 224 Ardashir aliwashinda Waparthi waliotawala kabla yake. Ngome ya Qal'eh Dokhtar ina kupanda kwa nusu saa. Vaa viatu vya kushika. Chini, kando ya dimbwi la chemchemi, kasri lake lina makuba yaliyokalia vyumba vya mraba, ufundi ambao baadaye misikiti mingi iliurithi. Angalia pembe za juu za chumba, pale tao dogo linapoigeuza pembe kuwa mviringo. Mji wa duara wa Gor, wenye kipenyo cha kilomita mbili, usijaribu kuuona kutoka chini. Utaona mashamba na mnara mmoja. Tazama picha ya setilaiti kwanza.

Kutoka Firuzabad hadi pwani ni milima na kona, na mahali pa kula ni pachache. Lala Jam au Kangan, si Siraf. Nenda kati ya Desemba na Februari; kiangazi cha Ghuba ni joto na unyevu wa kumwangusha hata mtu wa Tanga.

Siraf, ambayo ramani zingine huiandika Bandar-e Taheri, ni ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mlima na bahari. David Whitehouse aliichimba kuanzia 1966 hadi 1973. Utakachoona kwanza ni msingi wa msikiti mkuu wa karne ya 9, karibu kabisa na maji, na sehemu ya mji imekwisha kumezwa na bahari. Usitegemee vibao. Kisha panda bonde la Shilau nyuma ya mji, ambako mwamba mzima umechongwa makaburi ya mstatili, mamia, pamoja na visima. Asubuhi mapema, kwa kofia, na uangalie unapokanyaga. Ngome ya Nasuri juu ya kilima ni ya juzi tu, isikupotezee asubuhi.

Al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, za ghorofa, zilijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu. Mjenzi yeyote wa Lamu atazitambua: boriti za mikoko ziliendelea kwenda Ghuba kwa majahazi mpaka karne ya 20. Mwaka 304 Hijria, yaani 916 au 917, msafiri na mwanahistoria al-Masudi alisafiri kutoka Qanbalu, ambayo wengi huidhania Pemba, hadi Oman katika chombo cha watu wa Siraf. Karibu mwaka 977 tetemeko liliutikisa mji kwa siku saba, kwa maelezo ya mwanajiografia al-Muqaddasi, na biashara ikahamia kisiwa cha Kish. Kufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi, wenye tarehe ya 500 Hijria, yaani 1107, inalinganishwa na wataalamu na maandishi ya makaburi ya hapa. Na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliopima mifupa ya watu 80 kutoka makaburi ya zamani ya pwani yetu na bara jirani, ulikuta kwa wengi damu ya kike ya Kiafrika na ya kiume ya Kiasia, zaidi ya Kiajemi, iliyoanza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Hayo hayathibitishi kila shajara ya ukoo inayotunzwa sandukuni, lakini yanalingana na bandari hii kuliko na mji wowote wa bara.

Mambo mawili ya kuchunga hapa. Jirani ya Siraf ni Asaluyeh na mitambo mikubwa ya gesi. Usiielekezee kamera, wala usirushe droni popote mkoani, kwani kukamatwa kwa upelelezi si jambo la kuelezwa kwa Kiingereza cha kubahatisha. Na ufuoni kuna vigae, vingine vya kauri ya Kichina, vinavyofukuliwa na mawimbi. Viache pale pale. Kutoa mambo ya kale nchini ni kosa la jinai, na kigae kimoja mfukoni kinatosha kukuharibia safari uwanja wa ndege. Ukimaliza kabla ya saa 7 mchana, una muda wa kufika Bushehr mchana. Barabara ya pwani ina malori mengi, na usiku madereva wengi wa mji watakataa kuipita.